Morisi ya Baba na Mapipa Mawili ya Molasi

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Nimeamua! Risper ataenda kanisani na Morisi ya Baba.

Ilikuwa hivi. Jana baada ya ibada tulikaa kikao cha harusi hapa nyumbani. Risper, binti yangu wa kwanza, anaolewa Jumamosi ya tarehe ishirini na tano katika kanisa la Lubao. Bwana harusi ni mwalimu wa chuo cha kilimo kule Bukura. Kijana mzuri, ila anaongea sana habari za mbolea. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Ndipo Lazarus akasimama.

Lazarus amemwoa dada ya mke wangu. Ana malori mawili na trekta la kubeba miwa. Tangu miwa ianze kuleta neema huku kwetu, Lazarus akisimama, watu hunyamaza. Akasema bibi harusi atabebwa na Peugeot yake nyeupe, 504. Makofi. Mke wangu Zilpah akapiga makofi. Risper mwenyewe akapiga makofi!

Nikasimama. Nikasema ahsante sana, lakini bibi harusi ana gari la kwao. Mtu akauliza gari gani. Nikasema Morisi ya marehemu Baba, ya mwaka 1936. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mama peke yake hakucheka.

Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyechimba dhahabu hapa Kakamega. Dhahabu ilipokwisha mzungu akaenda zake, akamwachia Baba gari. Baba akalileta nyumbani siku ya Ijumaa, akaliegesha kando ya zizi, akamwambia Mama kwamba Jumapili atampeleka nalo Lubao. Jumamosi likakataa kuwaka. Hiyo ilikuwa 1952. Mama yangu Roda sasa amepita miaka sabini. Hajawahi kulipanda likitembea hata hatua moja.

Niko likizo mwezi mzima. Mimi ni karani wa mizani ya miwa, kazi yangu ni kusoma namba na kuandika namba. Watu wanadhani nimeishia hapo. Wangoje.

Leo nimelikagua. Kuku kumi na mmoja walikuwa ndani, mmoja anaatamia kwenye kiti cha dereva. Nikabonyeza madigadi ya mbele kwa kidole nione kama ni imara. Kidole kikatokea upande wa pili. Kutu! Lakini kidogo tu. Mbele, nyuma, kushoto, kulia na chini.

Jumanne, 7 Agosti

Kazi imeanza! Brashi ya waya, msasa, mafuta taa. Nimefungua bampa la nyuma na kulisugua tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Bega linawaka moto. Kucha mbili zimekwenda. Lakini bampa! Liling'aa mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nikamwita Zilpah aje aone. Nikamwita Mama. Nikamwita hata mpita njia mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi mnadani Lubao. Akasema ni bampa zuri.

Nikaliweka juu ya nyasi, nikaingia kula. Kulikuwa na obusuma, ugali wetu, na mboga. Mvua ikanyesha, kama inavyonyeshanga kila siku saa tisa. Sikuwa na wasiwasi. Chuma kimeshasafishwa, maji yatakifanya nini?

Nilipotoka lilikuwa na rangi ya chungwa kutoka mwisho hadi mwisho.

Zilpah akauliza kama kweli chuma kitupu huachwa mvuani. Nikamwambia hayo ni mambo ya ufundi.

Jumatano, 8 Agosti

Nimemleta Cleophas, fundi wa magari kutoka Kakamega mjini. Mtu wa maneno machache na mikono myeusi. Akazungusha injini kwa hendeli. Ikazunguka! Kumbe Baba aliijaza mafuta mazito kabla ya kuiacha. Cleophas akavua kofia, akasema huyo mzee alijua kazi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani haraka.

Injini si tatizo, akasema. Matairi atatafuta. Tatizo ni kutu, na msasa hautaweza, kwa sababu kutu imeingia mahali ambapo mkono haufiki. Dawa yake tunayo sisi watu wa miwa na hatuijui: molasi! Ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Sehemu moja ya molasi, sehemu tisa za maji. Unatumbukiza vyuma, unangoja wiki mbili. Kutu inalika, chuma kinabaki. Ukitoa, unasuuza, unakausha pale pale kwenye moto, unapaka mafuta au rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla hewa haijakigusa.

Akainua kidole kimoja. “Chuma peke yake, Bwana Osundwa. Alumini isiguse hiyo dawa. Italiwa yote.”

Nikaitikia. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kumwona akilini Lazarus akitazama harusi kutoka nyuma kabisa.

Ijumaa, 10 Agosti

Molasi imefika! Mapipa mawili. Wafanyakazi tunaruhusiwa kuchukua kwa ajili ya mifugo, kwa hiyo kwenye fomu nimeandika ni ya ng'ombe. Nina ng'ombe mmoja. Karani wa kugawa ananifahamu. Aliniuliza ng'ombe huyo ana ukubwa gani.

Lililonikera: mapipa yameletwa na lori la Lazarus. Dereva wake akasema bosi ananisalimu na anauliza kama nahitaji msaada. Msaada! Nikamwambia amrudishie salamu zake.

Sasa, siri. Nimekaa na kalamu, nimegundua jambo ambalo Cleophas, kwa kukosa hesabu, hakuliona. Ikiwa molasi moja kwa maji tisa huchukua siku kumi na nne, basi molasi tisa kwa maji moja itachukua siku moja na nusu. Ni hesabu ya darasa la sita! Na molasi tupu bila maji je? Nashangaa wazungu hawakuliona hili.

Nimetumbukiza kila kitu. Mabampa, madigadi, rimu, springi, bolti zote, hendeli za milango. Na kabureta, kile kifaa kinachoichanganyia injini petroli na hewa. Lina ganda la kijivu, jepesi. Nilikumbuka Cleophas alisema kitu kuhusu vitu vyepesi, lakini lilikuwa chafu mno. Kuliacha nje ingekuwa ubaguzi.

Jumatatu, 13 Agosti

Siku moja na nusu imepita mara mbili. Nimetoa bampa. Lilitoka taratibu kama mtu anayeamshwa. Juu lilikuwa limevaa molasi unene wa kidole gumba. Chini ya molasi kulikuwa na kutu ile ile, haijaguswa, imestarehe. Sisimizi wamefika kutoka pande zote za wilaya.

Zilpah akaja. Akauliza fundi alisema nini. Nikamwambia. Akauliza mimi nilifanya nini. Nikamwambia. Akaenda kuchukua ndoo.

Ameipunguza molasi yote kwenye madebe na masufuria, akabakiza kidogo, akajaza maji kutoka kisimani, akapima kwa kibuyu: moja, tisa, moja, tisa. Ameosha kila chuma kwanza kwa maji moto na magadi ili grisi itoke. Jasho lilimtiririka. Nimemwacha afanye ili naye ajisikie ameshiriki. Akaniuliza kama kuna chochote cha alumini humo. Nikamwambia hakuna. Mtu hawezi kukumbuka yote.

Jumatano, 15 Agosti

Hatari kubwa! Karibu kila kitu kimwagwe!

Molasi imeanza kuchacha. Inatoa povu, inaongea usiku na mchana, na harufu yake imefika barabara kuu. Jana wanaume watatu nisiowajua walipita kunijulia hali. Walikaa karibu na mapipa. Walikuwa na vikombe.

Leo saa nne akaja Bwana Were, naibu wa chifu, pamoja na askari mmoja. Bwana Were ni mtu mfupi mwenye fimbo ndefu. Akasema amepata habari kwamba karani wa mizani, mzee wa kanisa, anapika pombe haramu mapipa mawili kabla ya harusi ya mtoto wake. Nikamwambia si pombe. Akauliza ni nini basi. Nikamwambia ni gari.

Askari akacheka. Bwana Were hakucheka. Akamwamuru askari aingize mkono atoe ushahidi. Askari akakunja shati, akazamisha mkono hadi kwapani, akavuta, akatoa madigadi ya Morisi, nzima nzima, inadondoka povu.

Bwana Were akaitazama kwa muda mrefu. “Hii pombe,” akasema polepole, “unapikia nini kwa madigadi?”

Nikaeleza. Hakuamini. Akainua fimbo, akasema mwaga chini yote. Siku kumi tu zimebaki! Ndipo Zilpah akatokea jikoni, akasema kwa heshima, mzee, ngoja kidogo. Alikuwa na bolti moja ameifunga kwa kamba ikaning'inia nusu ndani ya dawa, nusu nje. Akaivuta. Nusu ya juu ilikuwa kama udongo. Nusu ya chini ilikuwa chuma cheusi, safi, nyuzi zake zote zinaonekana kama siku ilipotoka kiwandani.

Bwana Were akaishika. Akaigeuza. Akamtazama askari wake. Askari akatoa mfukoni pingu, akasema kwa aibu kwamba zimeshika kutu tangu Krismasi. Juzi mwizi wa kuku alitoroka kwa sababu hazifungiki.

Pingu sasa zimo ndani ya pipa la pili. Serikali iko upande wetu!

Ijumaa, 17 Agosti

Mji mzima uko hapa! Kuanzia asubuhi watu wanakuja. Mapanga kumi na manne. Majembe. Mnyororo wa baiskeli. Pasi ya mkaa. Jirani yetu Milcah ameleta kichwa cha cherehani na kukibusu kabla ya kukitumbukiza. Mchungaji ametuma kengele ya kanisa. Nimeweka kiti karibu na pipa na kuwaelekeza. Wananiita Fundi! Wananiuliza inachukua muda gani, nawajibu kwamba nguvu iko kwenye vipimo, moja kwa tisa, na kwamba niligundua baada ya majaribio mengi. Zilpah alikuwa akipita na maji. Alisimama kidogo. Akaendelea.

Mama ameanza kushona kitambaa cha kufunika kiti cha nyuma. Maua mekundu. Anashona na kuimba.

Jumanne, 21 Agosti

Sitaki kuandika haya lakini shajara ni shajara.

Asubuhi nilitoa pingu. Nzuri ajabu! Zilpah akazikausha jikoni, akazipaka mafuta ya cherehani. Bawaba inateleza kama mpya. Nikataka kuhakikisha zinafunga kabla ya kuzirudishia serikali. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari, nikafunga upande mmoja kwenye mkono wangu wa kushoto na mwingine kwenye usukani. Zikafunga. Hakuna mwizi wa kuku atakayetoroka tena! Kisha nikakumbuka kwamba ufunguo uko kwa askari, na askari amepelekwa Kakamega hadi jioni.

Saa tano Lazarus akaja. Ningeweza kumkwepa siku yoyote nyingine.

Akaegemea dirisha, akanisalimu mulembe, akatazama mkono wangu, akatazama kando. Hilo namshukuru. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba yake alikuwa akisukuma toroli la mawe kwenye mgodi ule ule wa mzungu. Lazarus akiwa mdogo alikuwa akipeleka chakula huko, na akisikia honi ya Morisi alikuwa akikimbia kando ya gari mpaka apungukiwe na pumzi. Siku moja Baba yangu alisimama, akampakia mpaka njia panda.

“Mimi nilinunua Peugeot,” akasema, “lakini lile ndilo gari nililokuwa nikilitaka.”

Nikapangusa usukani kwa mkono uliobaki. Akasema kama injini haitawaka, trekta lake lipo, litalivuta Morisi taratibu, na Risper apande gari analolitaka mwenyewe. Risper alikuwa nyuma yake. Akasema, “Baba, mimi nitaenda na Peugeot, kwa sababu ya gauni. Lakini Kukhu aende na Morisi.” Kukhu ndiye bibi yake, Mama yangu.

Nikainuka kwa hasira nitoke, nikaanguka tena kwenye kiti. Nikasema kwamba injini itawaka. Nikasema trekta hapana, ahsante. Nikasema kwa heshima kubwa, kadiri mtu anavyoweza akiwa amefungwa kwenye usukani. Askari alirudi saa kumi na mbili.

Alhamisi, 23 Agosti

USHINDI! Tumetoa vyote!

Cleophas alikuja. Zilpah alikuwa na majiko matatu ya mkaa yamewaka kwa mstari. Chuma kinatoka, kinasuuzwa, kinapigwa brashi mara moja, kutu inaanguka kama maganda ya karanga, kinapita kwenye moto, kinapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla hakijapoa. Mvua ilipokuja saa tisa haikukuta chuma kitupu hata kimoja. Mabampa hayakupakwa rangi, yalisuguliwa kwa majivu na kupakwa mafuta. Uso wa Mama ulionekana ndani yake. Akaweka nywele sawa.

Cherehani ya Milcah inazunguka. Kengele inalia. Watu walipiga vigelegele.

Kisha Cleophas akauliza kabureta liko wapi.

Nikaingiza mkono kwenye pipa la kwanza. Nikatafuta sana. Nilipata skrubu tatu, springi moja ndogo na kipande cha kijivu chenye matundu, laini kama muhogo uliooza. Nikampa. Akakishika kwenye kiganja, akakitazama kama anatazama mgonjwa.

Akasema lingine kama hilo hakuna Kakamega. Hakuna Kisumu. Huenda hakuna Kenya nzima.

Zilpah alinitazama. Nikasema lazima lilitumbukia lenyewe.

Mama alikunja kitambaa chake cha maua, akakiweka magotini, akaketi. Nikaenda nyuma ya zizi. Nilikaa huko kidogo. Moshi wa yale majiko ulikuwa umeniingia machoni.

Ijumaa, 24 Agosti

Nina mpango!

Ng'ombe! Ng'ombe wanne wa kulimia wa Bwana Were! Ni Lubao tu, maili mbili. Trekta la Lazarus lingefanya kelele, lakini ng'ombe wana hadhi. Bwana Were amekubali kwa sababu ya pingu.

Kuna jambo dogo la sakafu ya gari. Haikuingia kwenye pipa kwa sababu ni kubwa, na chini ya zulia imekuwa kama biskuti. Zilpah anataka Cleophas aikate na kuchomelea bati jipya. Cleophas anasema ni kazi ya siku moja, anaweza kumaliza leo jioni. Lakini leo jioni ndipo watu wanakuja kulitazama gari! Nimebandika mifuko ya saruji, tabaka nne, nikaipaka lami, halafu rangi nyekundu juu. Inapendeza. Kutu haionekani, kwa hiyo haipo.

Nimezuia kutu mpya pia. Grisi kila mahali, nje na ndani, debe zima. Mvua ije! Zilpah alipokuwa akifunga maua kwenye boneti, maua yalishika yenyewe. Hata gundi haikuhitajika.

Jumapili, 26 Agosti

Jana! Nianzie wapi!

Mvua ilinyesha kuanzia alfajiri. Barabara ilikuwa uji mwekundu. Risper alitangulia na Lazarus kwenye Peugeot, gauni limejaa kiti chote cha nyuma. Sisi tukafuata. Ng'ombe wanne mbele, Bwana Were akiwaongoza kwa ile fimbo yake ndefu. Mimi kwenye usukani, kofia ya Baba kichwani. Zilpah kando yangu. Mama nyuma, juu ya kitambaa cha maua, mgongo wima. Gari lilipojivuta hatua ya kwanza, Mama akasema “Yee!” kama msichana.

Watu walitoka kwenye miwa kutazama. Wakata miwa waliinua mapanga, mengine yalikuwa yametoka kwenye pipa letu, yaling'aa! Nilipiga honi. Honi inafanya kazi! Mama akaimba wimbo wa harusi yake mwenyewe.

Kwenye mteremko wa mtoni tukaikuta Peugeot imezama hadi milangoni kwenye tope. Lazarus yuko nje, suti ya kijivu imegeuka nyekundu. Sikucheka. Nilitabasamu tu, na nikapiga honi mara mbili. Nikamwambia Risper aingie nyuma na Kukhu. Wasimamizi wakainua gauni. Akaingia. Binti yangu, ndani ya Morisi ya Baba! Nikasema twende.

Sakafu ilishikilia hatua kama ishirini. Kisha nikasikia sauti kama mtu anararua gazeti. Nikageuka. Risper alikuwa amesimama. Barabarani. Ndani ya gari, miguu imepita kwenye sakafu, anatembea!

Akapiga kelele. Nikamwambia atembee tu, asisimame. Mara Zilpah naye akapita upande wake. Nikamwambia atembee. Kiti cha Mama kilikuwa juu ya fremu ya chuma, yeye alibaki juu kama malkia, anaimba.

Ndipo gari likaanza kuwapita ng'ombe. Mteremko! Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda hadi chini ikabaki huko. Bwana Were akaruka kando, akavuta ng'ombe pembeni, kamba ikalegea na kuchomoka. Mto uko mbele, daraja ni la magogo mawili na mbao. Nikapaza sauti, “Miguu chini! Wote miguu chini!” Mimi pia nikapitisha miguu yangu. Watu watatu tunalizuia gari kwa visigino, tope linatuingia mpaka magotini, na Mama nyuma anauliza kama tumefika.

Gari likapungua. Likapungua sana. Nikadhani ni visigino vyetu. Nikatazama nyuma.

Lazarus alikuwa ameshika bampa la nyuma kwa mikono miwili. Amekaribia kulala chali, viatu vinakata mifereji miwili kwenye tope, uso umefura. Anavutwa na hataki kuachia. Na bampa halikukatika! Liliwahi kuwa rangi ya chungwa, nililisugua mpaka kucha zikatoka, likakaa kwenye pipa siku kumi na tatu, Zilpah akalikausha kwa moto. Halikupinda hata kidogo. Tulisimama hatua tatu kutoka darajani.

Risper akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia dirisha. Lazarus akacheka, amekaa kwenye tope. Zilpah akacheka na kulia pamoja.

Tukafunga ng'ombe upya. Lazarus akatembea nyuma ameshika bampa njia yote, kwa hiari yake. Tuliingia Lubao hivyo. Watu sokoni waliona bibi harusi dirishani akipanda na kushuka kwa mwendo wa hatua, na chini ya gari viatu viwili vyeupe, ambavyo havikuwa vyeupe tena. Bwana harusi alikimbia kumfungulia mlango. Grisi ikamkamata mkono mzima. Alimkumbatia hivyo hivyo. Gauni lina alama ya kiganja mgongoni, Risper anasema hataifua.

Mama alikataa kushuka mara moja. Alikaa, anatazama kanisa kupitia kioo cha mbele. Nikampa mkono. Akanishika usoni badala yake. “Baba yako alisemanga atanileta Lubao na gari,” akasema. “Aya. Tumefika.”

Jumatatu, 27 Agosti

Likizo imebaki siku nne. Nimekaa nikatafakari kwa makini mambo yote, nione palipoharibika.

Hakuna palipoharibika. Sakafu ingefika vizuri kabisa kama ng'ombe wangekuwa na mwendo sawa. Nimemwambia Bwana Were awafundishe. Cleophas aliuliza kama sasa nitaweka bati jipya. Nikamwambia tabaka nne za mifuko zilikuwa chache. Saba zingetosha.

Lakini hayo yamepita. Kuna jambo kubwa zaidi! Juzi kwenye chakula cha harusi mjomba wa bwana harusi, mtu anayefanya kazi msituni Buyangu, alitaja kwamba kando ya msitu kuna greda la mvuke la wakati wa wazungu wa dhahabu. Lile la kulainisha barabara, lenye gurudumu la chuma refu kuliko mtu. Tani nane! Limeliwa na kutu lote, miti imeota ndani. Halina mwenyewe. Karibu nianguke kwenye kiti. Hebu fikiria greda hilo linapita Kakamega mjini siku ya Jamhuri, linatoa moshi, na mimi juu yake!

Lazarus alikuwa ameketi kando yangu. Akaweka sahani chini. Akauliza lina magurudumu mangapi.

Halitaingia kwenye pipa, hilo ni wazi. Litahitaji shimo. Futi kumi na nane kwa nane, kina futi tisa. Vipimo nimevirekebisha: nikichanganya nusu kwa nusu, badala ya moja kwa tisa, naona siku tatu zitatosha. Zilpah bado hajui. Ameenda Bukura kumsindikiza Risper na atarudi kesho kutwa, kwa hiyo nina siku mbili.

Nimeanza kuchimba kwenye shamba lake la viazi, kwa sababu udongo huko ni laini. Lazarus ameshika jembe upande wa pili. Tumefika kiunoni na maji yameanza kuingia, jambo zuri sana, kwani hatutahitaji kuyachota.